Mwanafunzi Asiyetaka: Tumvumilie Mpaka Lini?



Kila mwezi wa Agosti Kanisa hukumbuka watu wawili wa nyumba moja: tarehe 27 Mtakatifu Monika, na kesho yake, tarehe 28, mwanawe Mtakatifu Augustino, aliyekuwa Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini. Kwa kawaida twawasifu kwa utakatifu wao, na ni haki. Lakini safari hii tungependa kuwatazama kwa upande mwingine. Augustino alikuwa mwanafunzi asiyetaka kufundishwa. Monika alikuwa mama aliyemngoja. Tena baadaye, Augustino alipokuwa mwalimu, alitoa shauri kwa mwenzake aliyechoka kufundisha. Kwa hiyo nyumba ile yaweza kutusaidia kujibu swali tunaloulizwa mara kwa mara na wazazi, na walimu wa Kipaimara, na vijana wetu wanaowafundisha wadogo zao jioni katika ukumbi wa kanisa: "Mtoto huyu hataki. Tumvumilie mpaka lini?"

Swali hili tusilidharau, kwa sababu huulizwa na watu waliochoka, si na watu wavivu. Fikirini kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na bado hajapata kazi. Saa kumi jioni anaacha shughuli zake, anakuja ukumbini, anafuta ubao, anatafuta kipande cha chaki. Watoto wengine wanafika mbio. Mmoja anafika amechelewa, daftari limekunjwa mfukoni, penseli hana. Akiulizwa hajibu. Akipewa hesabu za kugawanya anachora mpira na lori. Mwalimu anaeleza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Mara ya sita anasema moyoni, "Huyu ananidharau." Wiki ya tatu anasema, "Huyu hana kichwa cha kusoma."

Hapo ndipo hatari ilipo. Neno likishakaa moyoni haliko mbali na mdomo. Likitoka, mtoto atalichukua mpaka nyumbani, na pengine atakaa nalo maisha yake yote. Wako watu wazima kati yetu ambao hata leo hawapendi kushika kalamu mbele za watu, kwa ajili ya neno moja waliloambiwa walipokuwa na miaka tisa. Basi katika chumba kile chenye ubao mmoja pana jambo kubwa kuliko mtihani wa Darasa la Saba. Mtoto huyu atatoka pale akijiona kuwa mtu awezaye kujifunza, au akijiona kuwa mtu aliyekwisha kukataliwa.

ANAKATAA NINI?

Kwanza yatupasa kuuliza: huyu tunayesema hataki, hataki nini? Neno "hataki" ni jepesi kutamka, lakini ndani yake mna mambo mengi. Yuko asiyeona vizuri ubaoni, wala hasemi, maana hajui kwamba wenziwe wanaona zaidi yake. Yuko ambaye hajala tangu asubuhi. Yuko mwenye miaka kumi na minne aliyekaa benchi moja na watoto wa miaka kumi, na kila jibu la kosa humwongezea aibu. Kwake yeye kunyamaza ni heri kuliko kuchekwa. Yuko aliyefiwa. Yuko aliyeletwa na baba yake kwa amri, pasipo kuulizwa lolote, naye anamalizia ugomvi wake na baba mbele ya mwalimu asiye na kosa.

Na wako wengine, ambao katika nchi yetu si wachache. Mtoto asoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, ajibu vizuri, asifiwa. Aingiapo Kidato cha Kwanza akuta jiografia na bayolojia, zote kwa Kiingereza. Aliyekuwa mwepesi jana, leo ni kama bubu. Wazazi husema, "Amebadilika, amekuwa mvivu, labda ni marafiki." Kumbe ndani yake hakuna kilichobadilika, kilichobadilika ni lugha ya darasa. Mtoto huyu hakatai elimu. Anakataa kuonekana mjinga katika lugha asiyoijua, na sisi sote katika hali yake tungefanya vivyo hivyo.

Hatusemi kwamba hakuna uvivu duniani. Uvivu upo, na watoto wanaujua sana, kama sisi wakubwa tunavyoujua. Lakini mwalimu anayeanza kwa kusema "mvivu" amekwisha kufunga mlango wa kuuliza. Aanzaye kwa kuuliza, hata akikuta mwishoni kwamba ni uvivu mtupu, hakupoteza kitu. Walau sasa anajua.

AUGUSTINO NA FIMBO

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao mahali pake leo pako katika nchi ya Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo aeleza habari za utoto wake. Alipelekwa shule ajifunze kusoma, wala hakuona faida yake. Na alipokuwa mzito wa kujifunza alipigwa. Asema kwamba angali mdogo alimwomba Mungu, kwa bidii isiyolingana na udogo wake, asipigwe shuleni. Na wakubwa, hata wazazi wake waliompenda, walikicheka kilio chake. Alipoandika habari hizi alikuwa amepita miaka arobaini, tena ni askofu, na bado alikumbuka kwamba walicheka.

Alikichukia Kigiriki, alichofundishwa kwa vitisho. Lakini Kilatini alikijua tangu utotoni bila fimbo, kwa kusikia tu, katikati ya walezi waliombembeleza na watu waliocheka na kucheza naye. Alipoyalinganisha mambo haya mawili alikata shauri kwamba katika kujifunza, hamu ya mtu mwenyewe ina nguvu kuliko shurti la kuogopesha. Maisha yake yathibitisha neno hilo. Kwa Kilatini aliandika vitabu ambavyo Kanisa lavisoma hata leo. Kigiriki hakukizoea sana, ingawa alikuwa mmoja wa watu wenye akili nyingi kabisa wa zamani zake.

Walakini tuwe waaminifu. Augustino hasemi kwamba mtoto aachwe afanye apendavyo. Akiri wazi kwamba kama asingalilazimishwa asingalijifunza. Kisha aongeza kwamba hakuna mtu afanyaye jambo vizuri huku hataki, hata kama jambo lenyewe ni jema. Maneno hayo mawili yakae pamoja. Shurti laweza kumleta mtoto mpaka mlangoni, na mzazi anayo haki ya kumleta. Lakini kuingia ni kwake yeye mtoto, wala hakuna awezaye kumwingilia.

Twajua yatakayosemwa hapa. Msomaji mmoja atatukumbusha Mithali 13:24, kwamba azuiaye fimbo hampendi mwanawe. Na wazee watasema samaki mkunje angali mbichi. Twajibu hivi. Mithali yasema juu ya kumrudi mtoto asipotee katika mwenendo wake. Haisemi kwamba hesabu za kugawanya huingia kichwani kwa fimbo. Na Mtume Paulo, aliyeyajua sana maandiko hayo, awaagiza akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa (Wakolosai 3:21). Ama samaki, tukumbuke kwamba huyo anayekunjwa angali mbichi amekwisha kufa. Hana la kusema. Mtoto yu hai, ana nia yake, na nia hiyo alipewa na Mungu kabla sisi hatujamjua.

Sheria za nchi nazo zimeendelea kuipunguza fimbo. Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2002 ziliiwekea mpaka: viboko visizidi vinne, mamlaka yawe kwa mkuu wa shule, na habari yake iandikwe kitabuni. Mwalimu wa jioni katika ukumbi wa kanisa hakupewa hata kiboko kimoja. Basi yeye hana budi kutafuta njia nyingine, apende asipende.

WAZEE WALIPOKUWA WANAFUNZI

Je, njia hiyo nyingine ipo kweli, au ni maneno ya mahubiri tu? Ipo, na wazee wetu waliiona kwa macho. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania. Mwaka uliofuata, 1971, chama cha TANU kiliazimia kwamba ifikapo mwisho wa 1975 watu wote wazima wawe wamejua kusoma na kuandika. Kazi haikuwa ndogo. Kwa hesabu za wakati ule, mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walikuwa wamepungua kufika 39. Mwaka 1986 hawakufika 10.

Tufikiri ni wanafunzi wa namna gani walioketi katika madarasa yale, chini ya miti, makanisani, na katika majengo ya shule watoto walipokwisha kwenda nyumbani. Alikuwapo mzee mwenye wajukuu, ambaye mikono yake ilijua jembe na shoka lakini penseli ilimponyoka. Alikuwapo mama aliyekuja na mtoto mgongoni baada ya kutwa nzima shambani. Wengi walisita. Walisema macho yamechoka, walisema elimu ni ya watoto, walisema pamba inangoja. Na mwalimu mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza shule ya msingi juzijuzi tu.

Kijana yule angefanya nini? Mtu mzima hapigwi. Haitwi mjinga na mtoto wa jirani. Uongozi uliweza kuwahimiza watu wahudhurie, na pengine kuwashurutisha. Lakini kumfanya mzee asome, hakuna aliyeweza. Kijana hakuwa na budi kuanza somo kwa shikamoo. Hakuwa na budi kumsubiri mzee amalize kuandika herufi yake ya kwanza, iliyopinda, na kumwambia kwa heshima, "Vema, Mzee, sasa turudie." Na asipokuja leo, kesho amwendee kwake, amjulie hali kwanza, habari za shule baadaye.

Tena waliotunga vitabu vya kujifunzia walikuwa na busara. Katika mradi ulioanza mwaka 1968 pande za Ziwa Victoria, vitabu vilieleza habari za pamba, za migomba, na za uvuvi. Mkulima alisoma juu ya jambo ambalo yeye alilijua kuliko mwalimu wake. Hakuja darasani mtupu. Alikuja na kitu mkononi. Hilo peke yake liliondoa nusu ya aibu.

Ni kweli kwamba baadaye kazi ile ililegea, na idadi ya wasiojua kusoma ikapanda tena. Lakini jambo moja limekwisha kuonekana, wala halifutiki: maelfu kwa maelfu ya watu waliosita walijifunza kusoma pasipo kupigwa wala kutukanwa, kwa sababu waliowafundisha walilazimika kuwaheshimu. Basi twauliza: ikiwa mzee wa miaka hamsini alistahili heshima hiyo ili ajifunze, kwa nini mtoto wa miaka kumi asiistahili? Hatuwezi kumwamkia mtoto shikamoo. Lakini yale yaliyomo ndani ya shikamoo, yaani kukiri kwamba huyu niliye mbele yake ni mtu, hayo twaweza kumpa.

UVUMILIVU SI KUNGOJA TU

Sasa tufike katika neno lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kuvumilia ni kukaa kimya na kungoja. Lakini kuna kukaa kimya kwa namna tatu, na ni lazima tuzipambanue.

Kuna kwanza kimya cha mtu asiyejali. Mwalimu anamwacha mtoto achore lori lake mpaka saa kumi na mbili, kisha anamwambia kwaheri. Hana hasira, hana fimbo, hana upendo pia. Huyo havumilii, amejiondoa tu.

Kuna pili kimya cha hasira iliyowekwa akiba. Mwalimu anasema kwa upole, "Haya, jaribu tena," lakini meno yameumana, na macho yanasema jambo lingine. Watoto hulisoma jambo hilo upesi kuliko wanavyosoma ubao. Wajua kwamba hasira ipo, yangoja siku yake. Uvumilivu wa namna hii ni kama deni: kila siku laongezeka, na siku ya kulipwa mtoto ndiye atakayelipa.

Namna ya tatu Bwana wetu aliifundisha katika mfano wa mtini (Luka 13:6-9). Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta matunda, hakuna. Ataka mti ukatwe. Mtunza shamba amwomba auache mwaka mmoja tena. Lakini angalieni: hasemi kwamba atakaa kivulini aungoje. Asema atachimba kuuzunguka na kuutia samadi. Uvumilivu wake una jembe mkononi. Haukemei mti, wala hauvuti matawi ili matunda yatoke. Ashughulika na udongo, na mizizi, na mambo yaliyo chini ambayo mpita njia hayaoni.

Basi huo ndio uvumilivu wa mwalimu. Kumtafutia mtoto asiyeona vizuri nafasi ya mbele, na kuwaambia wazazi wake wampeleke akapimwe macho, huko ni kuchimba. Kumwuliza anayechora malori kila siku ni nani dereva, kisha kumtungia hesabu za lori lenye magunia 96 ya mahindi ya kugawanywa kwa maduka 8, huko ni kutia samadi. Kumweleza wa Kidato cha Kwanza somo la bayolojia kwa Kiswahili kwanza mpaka alielewe, ndipo kumpa maneno ya Kiingereza moja moja, hakumharibu; kwampa mahali pa kusimama. Kazi hizi hazina sifa. Hakuna azionaye. Lakini mti hauwezi kuzifanya wenyewe.

TUAMINI NINI?

Hata hivyo, mtu hatachimba siku nyingi kama haamini kwamba mti u hai. Kwa hiyo uvumilivu wahitaji imani, na hapa pana jambo la kutafakari. Tuamini nini juu ya mwanafunzi asiyetaka?

Wengine husema, "Amini tu kwamba atafaulu." Hatuwezi kusema hivyo. Hakuna aliyetuahidi. Methali yasema mvumilivu hula mbivu, na mara nyingi ni kweli. Lakini tumewaona wavumilivu ambao hawakula. Mwalimu anayevumilia kwa ajili ya mbivu tu, siku matokeo yakitoka mabaya ataona kwamba amedanganywa, naye atamkasirikia mtoto maradufu. Tena imani ya namna hiyo yamtwika mtoto mzigo mzito: yampasa afaulu ili mwalimu wake asiaibike.

Wengine husema, "Mwamini mtoto mwenyewe." Neno hili ni karibu zaidi na ukweli, lakini nalo halitoshi, maana mtoto hubadilika, huongopa, hutoroka kwenda mpirani. Leo anatupa tumaini, kesho analichukua.

Imani ya Mkristo yasema jambo lingine. Yasema kwamba Mungu alianza kazi katika mtoto huyu kabla mwalimu hajafika, na ataendelea nayo mwalimu atakapokuwa amekwenda. Mtume Paulo alipanda, Apolo akatia maji, aliyekuza ni Mungu (1 Wakorintho 3:6). Mwalimu wa jioni ni mmoja tu katika wengi. Pengine yeye ni wa kupanda, wala hataona hata jani moja. Pengine miaka kumi baadaye, katika mji mwingine, fundi mwashi au muuza duka atamwambia kijana yule jambo dogo, na yote aliyofundishwa ukumbini yatainuka. Mwalimu aaminiye hivi aweza kufundisha kwa bidii yote pasipo kumshika mtoto shingoni, kwa sababu hajidhani kuwa yeye ndiye wa mwisho.

Monika alijifunza jambo hilo kwa shida. Mwanawe alipofuata mafundisho ya Wamanikayo akiwa kijana, alimwendea askofu mmoja na kumsihi azungumze naye amwonyeshe makosa yake. Askofu alikataa. Alisema kijana huyo kwa sasa hafundishiki, amejaa kiburi cha mambo mapya. Mwache, umwombee tu, atagundua mwenyewe kwa kusoma. Monika hakuridhika, aliendelea kumsihi kwa machozi, mpaka askofu akachoka, akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee. Miaka mingi ilipita kabla Augustino hajabatizwa, usiku wa Pasaka wa mwaka 387, huko Milano. Askofu yule alijua kwamba kuna wakati ambapo neno moja zaidi ni kama maji katika mtungi uliofunikwa. Lakini hakusema Monika aache kumpenda mwanawe, wala aache kumwombea.

BARUA KWA DEOGRATIAS

Karibu na mwaka 400, shemasi mmoja wa Carthage aitwaye Deogratias, jina ambalo hata kwetu wanalo wengi, alimwandikia Augustino. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wanaoanza imani. Alilalamika kwamba maneno yake mwenyewe yamchosha, na aona kwamba yawachosha wasikilizaji pia. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Twataja mambo machache tu, kwa kuwa yafaa sana kwa walimu wetu.

Kwanza alimfariji. Alisema naye pia karibu kila mara hakuridhika na mafundisho yake mwenyewe, lakini hilo halina maana kwamba wasikilizaji hawapati kitu. Mwalimu aliyechoka asiwe mwamuzi wa kazi yake saa ileile ya uchovu.

Pili alimweleza jinsi ya kurudia mambo yaleyale ya kitoto bila kuchukia. Tuwapende wanaojifunza kama ndugu, kama baba, kama mama, ndipo yaliyo ya zamani kwetu yatakuwa mapya. Alitoa mfano wa mtu anayemwonyesha mgeni mji wake: yeye amekwisha kupita katika njia zile mara elfu bila kuzitazama, lakini kwa kuwa mgeni anashangaa, mwenyeji naye anaona upya.

Tatu alimkumbusha mwili. Msikilizaji akianza kupiga miayo, pengine amechoka kusimama, mpe kiti. Sema neno la kumchangamsha. Mwulize maswali ujue ni nini kinachomzuia.

Nne alisema juu ya yule anayekuja kwa unafiki, kwa kutafuta faida au kumwogopa mtu. Usimfukuze. Mara nyingi Mungu humgeuza katikati ya mafundisho, akaanza kutaka kweli lile alilokuwa anajisingizia kulitaka. Neno hili liwape moyo walimu wa Kipaimara, wenye wanafunzi waliokuja kwa sababu mama amesema waje na shati jeupe limekwisha kununuliwa.

Mwisho, juu ya mzito kabisa wa kuelewa, Augustino alishauri avumiliwe kwa huruma, afundishwe kwa ufupi yaliyo ya lazima, na mwalimu aseme mengi zaidi kwa Mungu juu ya mtu huyo kuliko anavyomwambia mtu huyo juu ya Mungu.

BASI, MPAKA LINI?

Hatutaki kulikimbia swali. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja, hakuomba milele. Na yule tajiri kijana aliyemwendea Bwana Yesu (Marko 10:17-22) alisikia somo, hakulikubali, akaenda zake kwa huzuni. Bwana hakumkimbilia kumpunguzia somo, wala hakumtukana mgongoni. Injili yasema alimtazama na kumpenda. Yule kijana aliondoka akiwa amekataa, lakini hakuondoka akiwa amedharauliwa.

Kwa hiyo twajibu hivi. Somo laweza kuwa na mwisho. Ikiwa mwalimu amechimba, ameuliza, amesema na wazazi, amejaribu mwaka mzima, na mtoto bado amefunga mlango, si dhambi kusema, "Mwanangu, tupumzike kidogo kwa sasa." Pengine mwalimu mwingine atafaa zaidi. Pengine kijana yule ana mikono ya useremala, na darasa lake liko karakanani. Kusema hivyo bila uchungu ni sehemu ya uvumilivu.

Lakini kumheshimu hakuna mwisho, wala kumwombea hakuna mwisho. Akipita njiani baada ya kuacha masomo, aitwe kwa jina lake, aulizwe habari za nyumbani. Ajue kwamba alichokiacha ni somo, na watu hawajamwacha yeye. Siku akitaka kurudi, mlango usiwe na lawama kizingitini.

Tunawaomba wazazi jambo moja: msituletee mtoto na neno "mvivu" limekwisha kuandikwa usoni pake. Tuambieni anapenda nini, anaogopa nini, alianza kubadilika lini. Na ninyi vijana mnaofundisha jioni, tunawashukuru. Kazi yenu haina mshahara, wala mara nyingi haina shukrani. Mkirudi nyumbani mmechoka, na yule mmoja hajajibu hata swali moja, mtajeni kwa jina mbele za Mungu kabla hamjalala. Kesho saa kumi futeni ubao, mumwekee kiti chake.

Mungu aliyetuvumilia sisi sote atupe neema ya kuvumiliana. Amina.